Mwalimu, watoto wangu niseme nao lugha gani?

Barua tatu za mwezi huu zimekuja na jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani. Mmoja yuko Montreal, mmoja Fuoni hapa Unguja, na mmoja Uswisi. Majina nimeyaondoa, na ile ya kwanza nimeifupisha kwa sababu ilikuwa ndefu.

SWALI: Assalaamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mtu wa Wete, mume wangu ni mtoto wa Mjini, Unguja. Tuko Montreal, Kanada, mwaka wa nane huu. Tuna watoto watatu: wa kiume ana miaka 13, wa kike 9, na mdogo 4. Mkubwa tulikuja naye anasema Kiswahili vizuri na mpaka leo anajitahidi. Wa kike anasikia kila ninachomwambia lakini ananijibu Kifaransa. Mdogo anachanganya yote. Mwalimu wa binti yangu aliniita skuli akanambia nyumbani tuseme Kifaransa ili apande katika kusoma. Baba yao anataka Kiingereza, anasema ndiyo lugha ya kazi, tena ndugu zake wote wako Toronto. Jumamosi wanakwenda chuoni, wanasoma Qur'ani kwa Kiarabu na maelezo wanapewa kwa Kiingereza. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na Kifaransa changu ni cha darasa la jioni na cha kazini tu. Halafu hicho Kiswahili chenyewe, mume wangu huniambia nisiwatie watoto Kipemba, niwasemeshe "cha kitabuni". Mama yangu akipiga simu kutoka Wete, binti anasema "shikamoo bibi" kisha ananirejeshea simu. Nahisi lugha zimekuwa nyingi mno na moja lazima tuiache. Tuiache ipi? Na mimi nianze kuwasemesha Kifaransa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nalijibu la mwisho kwanza: usianze. Kifaransa soma, kiseme kazini, kiseme kwenye mkutano wa wazazi na kwa daktari, lakini usikiingize baina yako na watoto wako.

Najua mwalimu yule alikusudia kheri. Walimu wengi duniani husema hivyo hivyo, kwa sababu wao humuona mtoto darasani tu na wanataka lugha ya darasani ikue. Lakini jambo hili limekwisha kuchunguzwa, tena katika mji huo huo mnaokaa. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka kumi wa skuli za Kifaransa. Waliokuwa wakizimudu lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili kuliko wenzao wa lugha moja. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wakiamini kuwa lugha ya pili inamdumaza mtoto. Baadaye wengine waliuhoji uchunguzi ule, wakasema watoto wale wa lugha mbili walikuwa wamechaguliwa walio bora, na hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ile imani ya kwamba lugha ya nyumbani inamharibia mtoto skuli haikusimama tena. Ukiitwa mara nyingine, mwambie mwalimu kwa adabu kwamba Kifaransa mtoto anakipata kwake yeye mwalimu, aliyezaliwa nacho, na kwamba wewe nyumbani unamsimulia, unamuuliza na unamsomea kwa lugha unayoijua sawasawa. Mtoto aliyezoea kusimuliwa na kuulizwa kwa lugha yoyote ana cha kushika anapofungua kitabu cha Kifaransa.

Sasa mume wako. Kanada kama nchi ina lugha mbili rasmi, kwa sheria ya 1969, lakini jimbo la Quebec, ulimo mji wenu wa Montreal, lina moja, nayo ni Kifaransa. Tangu 1977, kwa sheria wanayoiita Sheria 101, mtoto wa mhamiaji anasoma kwa Kifaransa katika skuli za umma, msingi na sekondari. Skuli za umma za Kiingereza zimewekewa hasa watoto ambao mzazi wao mmoja alisoma msingi kwa Kiingereza humo humo Kanada, na baba yao alisoma Unguja. Kwa hiyo upande wa skuli hamna la kuchagua, na msilale mmenuniana kwa jambo lililokwisha amuliwa na bunge la watu. Kiingereza nacho hakihitaji kusukumwa. Kiko kwenye michezo ya kompyuta, kiko kwenye simu, kiko kwa hao binamu wa Toronto, na umesema kiko hata chuoni. Montreal inajulikana kwa watu wake wa lugha tatu, na wengi wao ni watoto wa wahamiaji kama hao wako. Baba yao asubiri tu.

Unaona basi, hakuna lugha ya kuiacha. Kichwa cha mtoto kina nafasi ya kutosha. Kinachogombaniwa ni saa za siku. Kifaransa kina saa zote za skuli, kina kazi za skuli, kina marafiki. Kiingereza kina mashine. Kiarabu kina Jumamosi yake. Kiswahili kina nini? Kina saa anazokuwa na wewe na baba yake, basi. Ukizitoa saa hizo ukazipa Kifaransa, Kifaransa hakitaona faida yoyote, kina nyingi tayari, ila Kiswahili kitakuwa kimekatiwa maji.

Na kuna jambo linalonihofisha zaidi ya skuli, ni huyo wa miaka 13. Ndiyo kwanza anaanza kuwa mtu mzima. Atakuja na maswali ya dini, ya wasichana, ya kwa nini wenzake wanafanya hivi na sisi hatufanyi. Mambo hayo hayasemwi kwa Kifaransa cha darasa la jioni. Mzazi anayesema na mtoto wake kwa lugha anayoibabaisha hubaki na amri tu: kula, lala, nyamaza, zima hiyo. Hawezi kubembeleza, hawezi kukanya kwa mzunguko, hawezi kusimulia yaliyomkuta fulani ili mtoto ajifunze bila ya kuaibika. Nimewaona wazazi wa namna hiyo wakija likizo. Wanawapenda watoto wao sana, na wanasema nao kama wasimamizi wa kazi. Wewe bado hujafika huko, ndiyo maana nakwambia usianze.

Binti anayejibu Kifaransa asikutie unyonge. Kusikia ni nusu ya kazi na ameshaifanya. Wako wanaoshauri umwambie "sikusikii mpaka useme Kiswahili". Mimi sikubaliani nao, maana mtoto atakachojifunza ni kunyamaza. Mjibu kwa Kiswahili na mazungumzo yaendelee. Akikwambia kwa Kifaransa kwamba kiatu kimembana, mwambie: "Kimekubana wapi, kidoleni au kisiginoni?" Ameshapewa maneno aliyokuwa akiyahitaji, na amepewa wakati yana maana kwake. Akithubutu siku moja akasema "kiatu yangu", usimcheke, wala usimwite baba yake aje asikie. Wewe sema tu "kiatu chako tutakibadilisha kesho" na umalize.

Ila mtoto wa miaka tisa hasemi lugha kwa ajili ya lugha. Anasema akiwa na shughuli. Pemba, kwa jirani yetu, walikuja wajukuu kutoka nje wakati wa likizo ya skuli za huko, na mmoja alikuwa msichana wa rika la binti yako. Mchana alikaa barazani na simu yake, akisemeshwa anatabasamu. Zikaanza karafuu. Jioni magunia yanaletwa kutoka shamba, karafuu zinamwagwa kwenye jamvi, na nyumba nzima inakaa kuchambua. Unashika shada, unalisugua kiganjani, karafuu zinaanguka mbele yako na makonyo unayatupa pembeni, huku hadithi zinakwenda. Msichana akasogea. Mara ya kwanza alitupa makonyo juu ya karafuu safi, mtoto mwenziwe akamkemea: "We! Makonyo yaweke kule!" Akajibu pale pale: "Nimeweka!" Hakuna aliyempigia makofi, maana hakuna aliyegundua. Watoto wengine walikuwa wakilipwa kwa pishi, na bibi yake akamlipa kama wao. Kabla hajaondoka nilimsikia mwenyewe akimbishia bibi kuwa pishi yake imejaa mpaka inamwagika, na bibi anaipunja. Alikuwa akibisha kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka.

Montreal hakuna karafuu za kuchambua, lakini mna jiko, na mna bibi aliye hai Wete, alhamdulillahi. Usimpe binti simu "amsalimie bibi". Mtoto hana la kusema baada ya shikamoo, hata hapa Zanzibar hana. Mpe la kuuliza. Siku mnapika mkate wa kumimina, mchele umeshasagwa na tui la nazi, hamira na hiliki zimeshatiwa, mwambie yeye ampigie bibi amuonyeshe bakuli na amuulize kama umeumuka vya kutosha au usubiri. Bibi atauliza umetia sukari kiasi gani, binti itabidi ajibu. Chagueni siku na saa isiyobadilika. Jumamosi saa nne asubuhi yenu, wakati wa joto, ni saa kumi na moja jioni Wete, wakati mzuri kwa mtu mzima. Majira ya baridi saa zenu zinarudi nyuma, na saa nne hiyo inakuwa saa kumi na mbili huku, watu wanatia udhu wa Magharibi. Basi isogezeni iwe saa tatu. Kama saa hizo wako chuoni, ifanyeni Jumapili.

Kusoma kwa Kiswahili kutawajia upesi kuliko mnavyodhani, kwa kuwa herufi wanazijua na Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, tofauti na Kifaransa chao chenye herufi tele zisizosemwa. Mkubwa mpe kazi ya kuandika orodha ya vitu vya dukani. Upande wa dini, mnaweza kuwa na tafsiri ya Qur'ani ya Kiswahili nyumbani. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwana wa Zanzibar, aliifasiri yote na ikachapishwa 1969. Aya chache baada ya Magharibi na baba yao zitakikuta kile wanachokipata Jumamosi kwa Kiingereza. Baba yao hapo ana kazi ya kufanya badala ya kungoja.

Wakiwa peke yao, ndugu watatu hao watasema Kifaransa. Wengi wanakuwa hivyo, na msipoteze nguvu kuwakataza.

Kuhusu Kipemba, hapa nasema na mume wako moja kwa moja. Mwanangu, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Waliokaa kule walikuwa wakitafuta lugha moja ya vitabu vya skuli za Afrika Mashariki. Hawakukaa ili mama wa Wete azuiwe kusema na mtoto aliyemzaa. Mke wako akianza kupima kila neno kabla ya kulitoa, atasema machache, na saa zile chache za Kiswahili nilizozitaja zitapungua tena. Watoto watachukua Kipemba kwa mama yao na Kiunguja kwako, na cha kitabuni watakikuta kitabuni.

Na wewe mwanangu, darasa lako la jioni usiliache. Tangu sheria ya Quebec ya 2022, ofisi za serikali huko, ukiondoa mambo kama afya na usalama, zinatakiwa ziseme na mhamiaji kwa Kifaransa baada ya miezi sita ya mwanzo. Kifaransa ni haja yako wewe, kwa kazi na kwa kujitetea, usije ukawafanya watoto wakalimani wako mbele ya karani.

SWALI: Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mwashi, kwetu Kasulu, Kigoma. Mke wangu ni wa huko huko, tunaishi Fuoni, watoto wetu wawili wamezaliwa hapa. Nyumbani tulikuwa tunasema Kiha. Tangu waanze skuli hawataki. Nikimwita mkubwa kwa Kiha mbele ya wenzake anajifanya hakusikia, kwa sababu wanamcheka na kumwita mbara. Mama yangu mzee anakuja kukaa nasi na Kiswahili chake ni kidogo. Mke wangu anasema tuache tu, Kiha hakitawasaidia Zanzibar. Wewe unasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, karibu. Barua yako nimeiweka baada ya ile ya Montreal makusudi, ili wasomaji wangu wa hapa wazisome pamoja. Kule sisi ndio wachache, na tunahuzunika binti wa mtu wa Wete akimkimbia bibi yake kwenye simu. Hapa Fuoni, Kiswahili ndicho chenye skuli, redio, duka na uwanja wa mpira, na watoto wetu ndio wanaomfanya mtoto wa Kasulu aone haya kuitwa na baba yake. Wazazi wenzangu wa Fuoni, neno hilo la "mbara", mtu wa bara, watoto hawakuzaliwa nalo. Wamelisikia barazani kwetu. Visiwa hivi vimejaa watu ambao babu zao walikuja na lugha nyingine: Wanyamwezi, Wamakonde, Wangazija, Wahadhrami, Wahindi wa Kikachi. Wajukuu wengi leo wanajua Kiswahili peke yake, na wako wanaotamani wangebaki na kidogo cha babu. Mtoto anayekuja skuli na lugha mbili si wa kuchekwa. Mimi nimefundisha, nao hao mara nyingi ndio waliokuwa wepesi wa kuona tofauti ya sentensi na sentensi.

Kwako na mkeo nasema: Kiswahili cha watoto msikihangaikie, Fuoni itawapa, watakuja kusema "skuli", "mbatata" na "tungule" kuwashinda. Tanzania ina lugha zaidi ya 120 na Kiha si katika zile ndogo. Tena mwenye Kiha husikilizana kwa sehemu kubwa na Mrundi na Mnyarwanda, kwa hiyo hiyo habari ya kutosaidia si kweli hata kwa hesabu ya biashara. Lakini mama yako anakuja, na hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Mbele ya wenzake, kwa sasa, mwite mtoto kwa Kiswahili. Usimpiganishe vita vyako akiwa na umri huo. Ndani ya nyumba, wewe na mkeo semeni Kiha baina yenu bila kukatisha, mezani na kitandani, maana watoto husikiliza zaidi yanayosemwa bila wao. Bibi akifika, mpeni kazi za jioni na watoto: chakula chao, kuoga kwao, hadithi zao. Na hapa nakusisitizia, usiwe mkalimani wao. Mtoto akija mbio kukuuliza "bibi anasemaje?", mrudishe kwa bibi. Siku za mwanzo watapata tabu wote wawili, wataonyeshana kwa vidole, watakasirikiana kidogo. Waacheni. Pia nenda ukamuone mwalimu wa darasa, umweleze habari ya kuchekwa, umtajie na hilo neno. Usiende kwa ugomvi, lakini nenda.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa Jambiani, mke wangu ni Mswisi. Tunaishi Biel, mji ambao Kijerumani na Kifaransa vyote ni rasmi. Mke wangu anasema na mtoto Kijerumani cha Kiswisi, mimi Kiswahili, na kituoni anakolelewa mchana wanasema Kifaransa. Ana miaka miwili na nusu, na maneno yake yote sidhani yanazidi kumi na tano. Watu wanatwambia tumembebesha lugha nyingi, tuondoe moja, na kila mtu anaitaja ya kwangu.

JIBU: Kijana wangu, usiondoe lugha, mpelekeni akapimwe masikio. Hilo ndilo la kwanza na lisingoje. Lugha nyingi hazisababishi mtoto achelewe kusema. Mwenye tatizo la kusema huwa nalo katika lugha zake zote, na ukimbakishia moja tatizo linabaki pale pale, ila sasa amepoteza na baba wa kusema naye.

Andikeni maneno yake yote kwenye karatasi moja, ya lugha zote tatu pamoja, pamoja na yale anayoyatamka nusu. Kwa kawaida mtoto wa miaka miwili huwa na kama maneno hamsini na ameanza kuunganisha mawili mawili. Kama wako, kwa hesabu ya lugha zote, hajafika hapo naye ana miwili na nusu, muoneni mtaalamu wa matamshi na lugha hata kama masikio yatakuwa mazima. Mwambieni kuwa ana lugha tatu, na mwende na karatasi ile, asije akampima kwa Kifaransa tu akasema hajui kitu. Elezeni pia anavyofanya mkimsemesha: akiambiwa "lete kiatu" kwa Kiswahili, analeta? Anaonyesha kwa kidole anachokitaka? Anageuka akiitwa na mtu asiyemuona? Majibu ya maswali hayo matatu yatamsaidia mtaalamu kuliko maoni ya majirani.

Wewe endelea na Kiswahili chako. Mwimbie, mtajie vitu mnapotembea, usimuhoji "sema hiki, sema kile". Kipimo kikitoka niandikie, na uniletee hiyo orodha ya maneno.